Injini Iliyokufa kwa Maandishi

Kila asubuhi, kabla kivuko cha kwanza hakijapiga honi, Antoni alikunywa chai ya rangi na chapati mbili kwenye benchi la Hellen pale Kigongo, kisha akakata maboksi. Hakuwa na haraka. Alilaza boksi la biskuti magotini, akapima kwa shubiri, akakata kwa kisu cha Hellen cha vitunguu: kipande cha gari dogo la saluni, kipande cha basi dogo, kipande kikubwa cha lori. Alivipanga chini ya benchi kwa kufuata ukubwa, kama mtu mwenye duka lake.

Mgongoni mwa ovaroli yake ya bluu palikuwa na maandishi meupe: DAKTARI WA INJINI. Ovaroli hiyo ilikuwa safi kuliko ovaroli ya fundi yeyote kati ya Mwanza na Geita, na hilo lingepaswa kumshtua mtu. Halikumshtua mtu.

Kazi yake si ngumu kueleza. Magari yalipanga foleni kusubiri kivuko, wenye magari wakashuka kunywa chai kwa Hellen, na Hellen alijua kumchelewesha mtu: chai yake ilikuwa ya moto kupita kiasi na chenji yake haipatikani. Wakati huo Antoni aliangusha sarafu, akalala chali chini ya gari kuitafuta, akasukuma kipande cha boksi kwa juu mpaka kikasimama wima mbele ya rejeta. Hewa ikakosa pa kupita. Gari likavuka ziwa likiwa limezimwa, limepoa, halina habari. Kilomita chache baada ya Busisi, ng'ambo ya pili, likaanza kuchemsha. Na ni nani huyo anayetokea nyuma kwa pikipiki, spana mkononi, uso umejaa huruma?

Alisikiliza injini. Alitikisa kichwa. Alitaja kifaa, siku nyingine themostati, siku nyingine pampu ya maji, kutegemea viatu vya mwenye gari. Aliingia chini, akachomoa boksi, akalificha kifuani ndani ya ovaroli, akatoka na kifaa chakavu alichokuja nacho mwenyewe. "Hiki hapa ndicho kilichokuwa kinakutesa." Gari likapoa. Mwenye gari akalipa, akashukuru. Wengine walimwombea.

Antoni hakupenda kuitwa tapeli. Alisema kwamba katika miaka minne hakuna gari hata moja lililomshinda, na je, kuna fundi mwingine Mwanza anayeweza kusema hivyo?

Tatizo lilikuwa daraja. Nguzo zilikuwa zimeshasimama ziwani, na kila mwezi vipande vya juu vilizidi kusogeleana. Watu wote wa Kigongo walilitazama daraja lile kwa furaha. Antoni na Hellen walilitazama kama mtu anavyotazama tarehe ya kesi yake. Daraja likifunguliwa hakuna foleni; bila foleni hakuna chai; bila chai hakuna boksi.

Kwa hiyo walikuwa na mpango. Fedha zao zote waliziweka kwenye chupa kubwa ya chai iliyovunjika kioo cha ndani. Zikitosha, wangenunua gari moja zuri, Antoni awe dereva wa kukodiwa mjini, kazi yenye jina. Jina la kazi lilihitajika. Baba yake Hellen, Mzee Masele, alikuwa mfugaji wa Misasi, mtu wa maneno machache, na kwa kila kijana aliyekanyaga uani kwake alikuwa na swali moja tu: unafanya kazi gani?

"Jumapili unakuja nyumbani?" Hellen aliuliza, akipuliza jiko.

"Jumapili nakuja."

"Ulisema hivyo Jumapili ile."

"Jumapili ile nilikuwa namaanisha hii."

Mwenye maneno kama hayo hakosi chai, lakini hapati mke. Hellen alikuwa anatafuta la kumjibu, na kisu cha Antoni kilikuwa katikati ya boksi, pale saluni moja nyeupe ilipoingia foleni taratibu na kusimama mbele ya benchi lao.

Antoni aliacha kukata.

Lilikuwa gari la zamani lililotunzwa kama sare ya shule. Rangi haikuwa na mkwaruzo. Viti vilikuwa bado na nailoni. Akashuka mama mtu mzima, mwembamba, miwani imefungwa kamba shingoni, akaufunga mlango kwa mikono miwili ili usipige kelele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Foleni ni ndefu?"

"Kidogo tu. Kaa unywe chai. Gari zuri hili."

"La marehemu mume wangu. Mimi ni mwalimu mstaafu, Odeta, natoka Bujora. Sijui chochote kuhusu magari." Alisema hayo polepole na kwa sauti, kama anayewasomea imla.

Antoni alimvuta Hellen pembeni, nyuma ya jiko. "Hili silitengenezi," alinong'ona. "Hili nalinunua."

"Kwa hizi za kwenye chupa? Gari kama lile ni milioni nane."

"Likiwa zima. Lakini likifika kule mbele litakuwa limekufa. Nani ananunua gari lililokufa milioni nane?"

Hellen alimtazama yule mama, ambaye alikuwa amekaa vizuri, magoti pamoja, akingoja chai. "Anto, ni bibi kabisa huyu."

"Na mimi ni mkwe wa Mzee Masele kuanzia Jumapili. Mpe chai ya moto."

Basi sarafu ikaanguka, na boksi likapanda. Mwalimu Odeta alikunywa chai yake mpaka mwisho bila kugeuka nyuma hata mara moja, jambo ambalo Antoni aliliona kuwa ni bahati.

Kilomita saba baada ya Busisi, saluni nyeupe ilikuwa imesimama kando ya barabara, mvuke unatoka kwenye boneti kama chungu cha ugali. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye jiwe, mkoba mapajani. Antoni alishuka kwenye pikipiki.

"Mwalimu! Ni wewe?"

"Ni mimi, mwanangu. Mungu amekuleta."

Hapakuwa na mtu wa kubisha.

Antoni alifungua boneti. Aliweka ncha ya spana kwenye injini na ncha nyingine sikioni, akafumba macho. Aligusa bomba la maji kwa kitambaa, akanusa kitambaa. Alizunguka gari mara moja, kofia mkononi. Aliporudi alikuwa na uso wa mtu aliyetumwa msibani.

"Mwalimu, nikuambie ukweli au nikufiche?"

"Niambie."

"Silinda hedi imepasuka. Injini imekufa."

"Una uhakika?"

"Miaka minne, mama. Sijawahi kukosea."

Mwalimu Odeta alivaa miwani. "Mimi sijui magari, lakini nilikuwa nafundisha fizikia. Gari likichemsha si lazima iwe injini. Labda maji yanavuja. Labda feni haizunguki. Labda kuna kitu tu kinazuia hewa."

Antoni alikohoa. "Hewa haina shida kabisa."

"Na kama ni silinda hedi, nasikia oili huchanganyika na maji, inageuka rangi. Hutaki kufungua hapo juu ukatazama?"

"Sihitaji kutazama."

"Hata mara moja?"

"Mwalimu, daktari mzuri anamjua mgonjwa akiwa bado mlangoni."

Mwalimu alimtazama kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyekabidhi karatasi mapema huku ukurasa wa nyuma hajaugeuza. "Haya," alisema. "Wewe ndiye fundi."

Antoni, kwa huruma, akasema angelichukua kwa milioni moja, kama chuma chakavu. Mwalimu akatoa leso. Akasema marehemu alilipenda gari lile. Akasema alitegemea walau nne. Antoni akapanda moja na nusu. Mwalimu akafuta jicho la kushoto. Antoni akapanda mbili. Mwalimu akafuta la kulia. Kwenye tatu kamili, ambayo ndiyo ilikuwa chupa nzima, leso ikarudi mkobani, na Antoni akampigia simu Hellen avuke.

Hellen alifika na chupa ya chai kwapani. Mwalimu alipokea noti bila kushangaa zilikotoka, kisha akatoa daftari.

"Wanangu watanigombeza," alisema. "Watauliza kwa nini nimeuza gari la baba yao kwa bei hii. Niandikie ulichokiona, mwanangu. Kwa mwandiko wako."

"Hilo tu?" Antoni alikuwa na mwandiko mzuri. Aliandika juu ya boneti, kwa imla ya Mwalimu, aliyekuwa anamsaidia maneno: *Mimi Antoni Kulwa, daktari wa injini, nimelipima gari hili na kuthibitisha kwamba silinda hedi imepasuka na injini imekufa. Nimelinunua nikijua hivyo.* Hellen akatia sahihi kama shahidi.

"Wabeja," Mwalimu Odeta alishukuru kwa Kisukuma. Alikunja karatasi mara mbili, akasimamisha basi la kwanza lililopita, akaondoka.

Antoni alingoja basi lipotee kwenye kona. Kisha akaingia chini ya gari, akachomoa boksi, akalibusu. Wakaongeza maji, wakawasha. Gari likanguruma kama kitu kipya. Pikipiki wakaiacha kwa watu wa nyumba ya karibu, wakarudi mpaka kivukoni, wakavuka, wakashuka Kigongo wote wawili wamekaa mbele, vioo vimeshushwa, Antoni akiwapungia watu aliowaona asubuhi hiyo hiyo. Hellen alikuwa anagusa nailoni ya kiti, taratibu, kwa kidole kimoja.

Jumapili walianza safari ya Misasi.

Hellen alivaa gauni la kijani na viatu ambavyo bado vilikuwa vinamuuma. Antoni alivaa shati jeupe. Nyuma waliweka sukari, sabuni na shuka la Mzee Masele. Njia nzima Antoni alijisemesha: "Mimi ni dereva, mzee. Nina gari langu. Mimi ni dereva, mzee." Alikuwa amefika mara ya tisa pale sindano ya joto ilipopanda kwenye geji, ikapita alama nyekundu, ikakaa huko.

Mvuke ulitoka. Antoni aliegesha gari, akashuka kwa utulivu wa mtu anayeijua kazi yake, akalala chali kwenye vumbi na shati lake jeupe, akatazama mbele ya rejeta.

Hapakuwa na boksi.

Alitazama tena, maana hakuwa na mahali pengine pa kutazama.

"Ni nini?" Hellen aliuliza kutoka dirishani.

"Nakagua."

"Kwa nini linachemsha, Anto?"

Antoni alitoka chini ya gari, akafungua boneti, akasimama mbele ya injini. Vilikuwa vitu vingi sana vile. Mabomba, mikanda, vifuniko. Alivitazama kama mtu aliyeingia kanisa la watu wengine. Akaweka spana sikioni. Spana ikamuunguza.

"Lipoe kwanza," alisema.

Lilipoa, likachemsha. Wakaongeza maji, likanywa yote, likachemsha tena. Watu wa Misasi waliokuwa wanatoka ibadani walipita, wakawasalimia, wakampita Hellen kwa heshima kama anavyopitwa mfiwa. Jioni waligeuza, wakavutwa kwa kamba na trekta, na kesho yake Antoni akalipeleka gari Mirongo, mjini Mwanza, kwa fundi wa kweli aitwaye Obedi, ambaye ovaroli yake haikuwa na rangi inayotambulika.

Obedi hakusikiliza chochote. Alifungua kifuniko cha oili, akakigeuza, akawaonyesha. Chini ya kifuniko oili ilikuwa imekuwa nzito, nyeupe kahawia, kama chai ya maziwa.

"Silinda hedi imepasuka," alisema. "Injini imekufa. Si leo, ina miezi. Aliyekuuzia hakukuambia?"

Antoni alifikiri kwa uangalifu jinsi ya kujibu swali hilo.

Siku ya pili yake waliteremka kwenye basi Kisesa, wakatembea mpaka Bujora kwa Mwalimu. Antoni alikuwa amekasirika kwa dhati, kama wanavyokasirika watu wa aina yake wanapodhulumiwa, na njiani alikuwa ameongea na kila mtu kuhusu uaminifu ulivyopotea nchini. Alipita kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Chenge, akamweleza kwamba kuna mama anauza magari mabovu. Mzee Chenge alichukua kofia yake, wakaenda pamoja.

Mwalimu Odeta alikuwa barazani anachambua mchele. "Karibuni," alisema. "Nilijua ni wiki hii. Kaeni."

"Mwenyekiti," Antoni alianza, akiwa bado amesimama, "huyu mama ameniuzia gari bovu. Injini imekufa."

"Mwalimu, ni kweli?" aliuliza Mzee Chenge.

"Ni kweli kabisa." Aliingia ndani, akatoka na karatasi. Mzee Chenge aliisoma kimya, kisha akaisoma kwa sauti, kisha akaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi.

"Kijana. Huu ni mwandiko wako?"

"Ni wangu, lakini..."

"Antoni Kulwa ni wewe?"

"Ni mimi, lakini..."

"Umeandika injini imekufa. Umeandika umelinunua ukijua hivyo. Leo umetoka Kigongo kuja kunishtakia kwamba injini imekufa." Mzee Chenge alivua kofia. "Nisaidie. Umedhulumiwa wapi?"

"Mzee, pale kulikuwa na mazingira."

"Mazingira gani?"

"Ya kibiashara."

"Ulilipima au hukulipima?"

"Nililipima kwa... kuna kupima na kupima, mzee."

"Nilimuuliza kama ana uhakika," alisema Mwalimu Odeta, akirudi kwenye mchele wake. "Nilimwambia atazame oili. Nilimpa nafasi zote."

Antoni alifungua mdomo. Hicho kilikuwa chombo chake cha kazi, na hakikuwahi kumwangusha. Kilishawatuliza madereva wa malori, polisi wawili na padri mmoja. Safari hii kila njia aliyoitazama ilikuwa na karatasi ile imesimama katikati.

"Sema tu, Anto," alisema Hellen. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya baraza, ameshavua viatu.

"Niseme nini?"

"Unachokijua."

"Nilipoandika imekufa," Antoni alipaza sauti, "nilimaanisha ni nzima!"

Kuku walisogea. Mzee Chenge alisema, "Rudia."

"Nilimaanisha ni nzima! Mimi ndiye niliyeweka boksi kwenye rejeta. Naweka kila siku. Ndiyo maana sikutazama oili, niitazame ya nini na boksi nimeweka mwenyewe? Mimi si fundi, mzee. Sijawahi kuwa fundi. Hicho kifuniko cha oili nimeonyeshwa jana."

Mchele uliendelea kupepetwa.

"Mkwe wangu anaitwa Shimba," alisema Mwalimu Odeta. "Mwaka jana ulimtengenezea gari kule Busisi. Alikuja hapa anakusifu. Wiki iliyofuata akaokota kipande cha boksi la biskuti kimenasa chini ya bampa lake, kimekatwa kwa kipimo, kina harufu ya vitunguu. Akaniletea, tukakitazama pamoja. Sasa mimi nilikuwa na gari hili, limekufa tangu Pasaka. Wanunuzi watano wamekuja, kila mmoja na fundi wake, kila fundi akafungua oili, akafunga, wakaondoka. Nikasema, mimi natafuta mnunuzi mwenye uhakika kwamba injini hii ni nzima." Akamtazama juu ya miwani. "Mkoa mzima alikuwa mmoja. Nilisimama mara saba kuongeza maji ndipo nikafika kwake."

"Na yale machozi?" aliuliza Hellen.

"Yale yalikuwa ya kweli. Marehemu alilipenda."

Mzee Chenge alirudisha kofia kichwani. Alisema kwamba kwa uzoefu wake, kesi nyingi huwa na mwongo mmoja. Hii ilikuwa na wawili, lakini mmoja alikuwa na maandishi. Akamrudishia Mwalimu karatasi yake. Akamwambia Antoni kwamba Kigongo kuna kituo cha polisi, na kwamba yeye mwenyewe angepita huko siku ya gulio kuuliza kama maboksi bado yanakatwa. Kisha akaenda zake, mabega yakimtikisika, na hakugeuka mpaka alipofika barabarani.

Mwalimu aliingia ndani kuwachemshia chai, maana wageni ni wageni.

Antoni alikaa kwenye ngazi, hatua moja kutoka kwa Hellen. Hakuwa na fedha, hakuwa na gari, na kazi yake ilikuwa imetajwa kwa sauti mbele ya serikali ya kitongoji. Alingoja Hellen avae viatu aondoke.

"Kwa hiyo ukisema kitu unamaanisha kinyume," alisema Hellen.

"Kwenye magari."

"Na ile uliyokuwa unasema, Jumapili nakuja. Miaka miwili. Ulikuwa unamaanisha nini?"

Antoni alitafuta jibu tamu, kwa mazoea. Hellen alikuwa anamtazama kama Obedi alivyotazama kile kifuniko, bila hasira, akingoja kuona rangi.

"Nilikuwa namaanisha nakuja," alisema. "Naogopa tu. Baba yako akiniuliza nafanya kazi gani, sina la kumwambia. Lakini nakutaka, Hellen. Hilo nalimaanisha lilivyo."

Hellen alivisukuma viatu vyake kando, akasogea ile hatua moja.